Utando kwenye miti ya bustani: ununue nini agroveti

Ingia agroveti yoyote mjini Nakuru mwezi wa Februari, useme mti wako wa mapambo una utando, na huenda ukapewa saipamethrini, dawa ya kuua wadudu. Katika orodha hii dawa hiyo nimeiweka mkiani kabisa, na sababu utaiona.

Kwanza ujue utando ni wa nani, maana dawa ya mmoja haimgusi mwingine. Utando mzito unaofunga majani na vijitawi pamoja, wenye punje za kinyesi ndani na majani yaliyotafunwa, ni wa viwavi. Utando mwembamba upande wa chini wa majani, huku juu kukiwa na vidoadoa vya manjano kana kwamba jani limenyunyiziwa unga, ni wa utitiri. Gongagonga tawi juu ya karatasi nyeupe: vumbi likianza kutembea, umeupata. Ukiwa na kioo cha kukuzia mara 10, utahesabu miguu minane. Utitiri ni jamaa ya buibui na kupe, ndiyo maana dawa nyingi za wadudu haziuui. Wavu mmoja wa buibui kwenye majani mazima, uache. Huyo ni mlinzi wa bure. Na ua wa saipresi unaogeuka kahawia bila utando wowote huenda una vidukari, wale waliogunduliwa Kenya mwaka 1990. Hao wana tiba yao.

Nafasi ya kwanza, kwa utitiri: mpira wa maji wenye kichwa cha kubana. Wengi hucheka, lakini utitiri hustawi kwenye joto, ukavu na vumbi, na maji ya nguvu yakielekezwa chini ya majani huuangusha na kuvunja utando. Rudia kila baada ya siku mbili tatu. Mpira huo utautumia miaka, chupa ya dawa huisha.

Ya pili: sabuni ya maji isiyo na dawa ya kung'arisha nguo, vijiko vidogo viwili kwa lita moja, au mafuta ya mwarobaini yaliyosajiliwa. Vyote huua kwa kugusa tu, kwa hiyo nunua pampu nzuri ya mkono kabla ya dawa yenyewe. Isiyofika chini ya jani ni hasara. Nyunyiza jioni, jaribu tawi moja kwanza, rudia baada ya siku 5 hadi 7 kwa sababu ya mayai.

Ya tatu: abamektini. Ni dawa halisi ya utitiri, huingia ndani ya jani. Ila ni sumu kali kwa nyuki na samaki, kwa hiyo mwenye bwawa la samaki kule Kisumu aiogope. Usiirudie mfululizo, utitiri huizoea upesi.

Kama ni viwavi, kata tawi lenye utando ulichome au ulizike. Mara nyingi hapo ndipo kazi inapoishia. Wakiwa wengi, nunua BT, yaani bakteria Bacillus thuringiensis. Lazima kiwavi aile, huwafaa wadogo zaidi, na jua huiharibu, hivyo nayo ni ya jioni. Ushauri wa Marekani kuhusu miti ya mepo (maple) hutaja sana kiwavi Hyphantria cunea. Asili yake ni Amerika Kaskazini, kwa hiyo usimtafute mtaani Milimani, Nakuru, ila BT ni ileile. Pareto, zao lililojenga jina la Nakuru, pia huua viwavi kwa kugusa na huisha nguvu haraka juani. Ningeinunua BT ikikosekana.

Sasa saipamethrini na ndugu zake kama lambda-sihalothrini. Huua viwavi, kweli. Lakini kwa utitiri huangamiza wadudu wanaoula na kuuacha wenyewe ukizaliana bila adui. Baada ya wiki chache utando huwa mzito kuliko ulivyokuwa. Mashamba ya maua ya Naivasha hufanya kinyume: huachilia utitiri mlaji, Phytoseiulus persimilis, uwinde ule mharibifu. Kwa miti miwili mitatu ya nyumbani gharama hiyo haina maana.

Chochote utakachochagua, tafuta kwenye lebo nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu, na usikubali kupimiwa dawa kwenye chupa ya soda.