Kibanda cha chipsi cha Mafiati, Mbeya: nyota nne, ya tano imeliwa na benchi

Kwanza chipsi zenyewe. Viazi vya Uporoto, vinakaangwa ukiona, sahani 2,000, kachumbari bure. Pilipili yao usiivamie.

Sasa kilichonifanya niandike. Niko kidato cha 3 na nina disprasia. Si uzembe wala ujinga: ubongo unatuma maagizo ya kutembea na kushika, mwili unayapokea yamepindapinda. Darasani wananiita "Mwaga", maana sijawahi kubeba chai ikafika yote. Kwenye netiboli huchaguliwa wa mwisho, kwa hiyo marafiki wa uwanjani sina.

Siku ya kwanza hapa, kile kijiti cha kuchomea chipsi kilinishinda nikaangusha sahani nzima. Nikasubiri kicheko. Mama muuzaji akaleta nyingine na kijiko kikubwa, na chai akaitia nusu kwenye kikombe cha bati chenye mkono. "Ikiisha nitakuongeza, mwanangu." Wasichana wawili wa mkondo B waliokaa pembeni nao wakaomba vijiko! Sijui kama walikuwa wananihurumia; sikuuliza. Tangu hapo Ijumaa tunakaa watatu. Wao wanabeba chai, mimi nasimulia visa vya walimu, kazi isiyohitaji mikono.

Hasara: benchi lina mguu mmoja mfupi, linayumba. Kwa wengine kero ndogo, kwangu mtihani wa taifa. Tofali moja tu chini yake lingetosha. Na Julai njooni na sweta, ile baridi haina adabu.