Mwaka Wangu wa Uanagenzi katika Maabara ya Maji, Mombasa

Mwezi uliopita nilimaliza uanagenzi wa miezi 12 katika maabara ya binafsi ya kupima maji na vyakula, kisiwani Mombasa, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kemia aliyemaliza mwaka wa tatu. Wenzangu wengi walitimiza wiki zao 12 za mafunzo ya nyanjani wakarudi darasani, na sasa wanangoja mahafali ilhali mimi ndiyo kwanza nauanza mwaka wa nne. Kwa hiyo swali ambalo wadogo zetu chuoni huniuliza, iwapo mwaka mzima una faida yoyote kuliko ile miezi mitatu ya kawaida, nimelitafakari sana. Jibu langu ni kwamba unayo, ila kwa sababu ambayo sikuitarajia nilipokuwa naandika barua ya maombi, na kwa gharama ambayo si kila mtu ataimudu.

Miezi mitatu ya kwanza niliosha vyombo. Sitii chumvi: nilisugua chupa, nikazisuuza kwa maji yaliyotakaswa, nikaziingiza kwenye otoklevu, mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, kwa nyuzi 121 kwa dakika 15, na katika kila chupa iliyokuwa ikienda kuchukua maji ya mfereji nikatia kiasi kidogo cha sodiamu thiosulfati. Sababu ya dawa hiyo niliijua siku nilipoisahau. Klorini iliyomo ndani ya maji ya mfereji huendelea kuua bakteria chupa ikiwa njiani, na maji yakifika maabara huonekana safi kuliko yalivyokuwa yalipotoka bombani. Thiosulfati ndiyo huizima klorini hiyo. Mwanafunzi wa wiki 12 angeaga wakati huu, akiwa na mikono safi na daftari lililojaa sahihi.

Kazi ya kwanza ya haki niliyokabidhiwa ilikuwa kupima chumvi ya maji ya visima kwa nitrati ya fedha. Unapima mililita 100 za maji, unadondosha kromati ya potasiamu hadi yawe manjano kama yametiwa bizari, kisha unaifungua bureti, mrija wa kioo wenye vipimo uliojazwa nitrati ya fedha, tone kwa tone huku ukiitikisa chupa. Kila tone likianguka huzuka wekundu unaotoweka papo hapo, na kipimo husomwa pale wekundu huo unapokataa kutoweka. Madokezo yangu ya chuo yalitaja rangi ya tofali, nami nikaingoja tofali. Msimamizi wangu, mwanamke wa makamo ambaye maabara nzima tulimwita Mama, alisimama nyuma yangu, akatazama mara moja, akasema, “Mwanangu, ushapita zamani. Ukiiona tofali, umechelewa.” Alinirudisha kwenye sampuli ile ile mara 11, hadi majibu matatu ya mfululizo yakakaribiana. Vidole vyangu viligeuka hudhurungi kisha vyeusi, kwa kuwa nitrati ya fedha ikigusa ngozi haisikii sabuni, na shangazi yangu kule Likoni akaniuliza ni nani huyo aliyenipaka piko vibaya namna ile.

Faida yenyewe ya mwaka mzima niliiona baadaye. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, chemchemi za Mzima kule Tsavo na visima vya Baricho kando ya mto Sabaki, na yanapokatika watu hurudi kwenye visima vya mitaani. Visima hivyo vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao una vitundu na nyufa chungu nzima, na mara nyingi haviko mbali na vyoo vya shimo. Wakati wa kaskazi, jua likiwaka na mvua zikiwa hazijulikani ziliko, niliona chumvi ikipanda katika visima vilivyo karibu na bahari, vingine vikipita kwa mbali zile miligramu 250 za kloridi, ile sehemu ya chumvi tunayoipima, kwa lita ambazo zikizidi watu huanza kulalamikia ladha. Masika yalipoingia, chumvi ikashuka na bakteria wakapanda. Kisima kilekile, mkono uleule unaopima, na majibu mawili tofauti kabisa. Nilichojifunza kwa kuizunguka misimu ile ni kulitilia shaka jibu kabla ya kuliandika, kwa sababu nilikuwa nimeshajua kisima fulani huwa na tabia gani mwezi gani, na somo hilo sidhani kama lingeweza kufupishwa.

Kosa langu kubwa lilitokea Mei. Tulikuwa na sampuli tisa kutoka Kisauni. Kila moja huchujwa mililita 100 kupitia utando wenye vitundu vya mikromita 0.45, utando ukawekwa juu ya chakula cha bakteria, sahani ikalala kwenye inkubeta, kabati la joto, kwa nyuzi 44 hadi kesho yake. Asubuhi nilifungua sahani nikakuta punje za manjano, yaani makundi ya bakteria walioota, kila mahali, kubwa kama za ulezi, nikaanza kuzihesabu kwa furaha isiyofaa, hadi nilipofikia sahani ya mwisho, ile ya maji yaliyotakaswa ambayo huwekwa kwa makusudi ili isiote kitu. Ilikuwa na punje nne. Sikuhitaji kuuliza. Jana yake nilikuwa na haraka ya kuiwahi feri, na baina ya sampuli na sampuli sikukichoma kibano kwenye moto kama inavyotakiwa. Mama hakunifokea. Alinipa daftari la dosari, ambalo maabara inayofuata ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha maabara za upimaji, haiwezi kulikwepa, akanitaka niandike kosa, chanzo chake na nitakachobadilisha. Kisha akanituma mimi mwenyewe Kisauni kwenda kuomba maji upya.

Bibi kizee mwenye kisima cha pili alinikuta ukumbini mwake na kasha langu la barafu. Nilipomwamkia na kumweleza kwamba tunahitaji maji mengine, alinitazama kwa huruma, akauliza, “Mjukuu wangu, yale ya juzi mmeyanywa?” Majibu ya safari ya pili yalikuwa sahihi na bado hayakuwa mazuri, maana maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. coli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100, na ya kwake yalikuwa nao. Aliniambia, “Twanywa maji haya tangu nilipoolewa.” Nilimwonyesha choo kilipo na kisima kilipo, tukazungumza kuhusu kuchemsha, na sina hakika kama alinisadiki.

Upande wa vyakula nilipita juu juu. Katika usaili niliahidiwa kufundishwa mtambo wa kupima sumukuvu (aflatoksini) katika mahindi, sumu ambayo sheria ya Kenya inataka isizidi mikrogramu 10 kwa kilo, lakini nilifikishwa hapo mwezi wa kumi na nikakaa wiki mbili tu. Hili nalihesabu kuwa ni ahadi iliyotimizwa nusu.

Gharama niseme wazi. Posho ilikuwa shilingi 8,000 kwa mwezi, na mara mbili ilichelewa hadi katikati ya mwezi uliofuata. Feri ya Likoni ni bure kwa anayevuka kwa miguu, lakini matatu upande wa pili si bure, na lau si chumba cha shangazi nisingefika mwezi wa nne. Sampuli za Ijumaa husomwa Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi zangu nyingi hazikuwa zangu. Mhadhiri aliyepaswa kunifuatilia kutoka chuoni alikuja mara moja katika mwaka mzima, akahesabu sahihi za daftari kwa dakika 20, akaondoka bila kuiona bureti. Kwa hili naidai maabara kidogo na chuo zaidi.

Anayetaka kuomba nafasi ya namna hii aulize kabla ya kutia sahihi ni mwezi wa ngapi ataanza kupima kwa mkono wake, na aombe jibu hilo kwa maandishi. Barua ya bima kutoka chuoni aianze mapema. Yangu ilichukua wiki tano, nami wiki hizo zote nilikuwa naruhusiwa kuingia maabara lakini siruhusiwi kugusa asidi.