Ilford HP5 Plus ya 120: filamu nzuri ya kuharibu

Jamani reviu nyingi za HP5, hii filamu ya picha nyeusi na nyeupe, ni grein (chembechembe za picha) na kupush mpaka 1600 (kuipiga kama ina hisia kubwa ya mwanga kuliko ilivyo, halafu kuisafisha muda mrefu zaidi), hii ni ya wale wenzangu wa kukwangua negativu, kuichora na kuimwagia jiki kabla ya kuprint. Kwa kazi hiyo chukua hii, na uchukue ya 120, ile pana, sio ya 35mm, maana fremu ya sentimita 6x6 unaona unachokifanya, ile ndogo sindano ikiteleza kidogo tu uso wa mtu wote umeenda.

Upande usiong'aa ndio wenye picha, ukikwangua pale mwanga unapita wote na kwenye karatasi mstari unatoka mweusi tii. Upande unaong'aa mkwaruzo unatawanya mwanga tu, so unatoka mweupe. Watu wanachanganya hapa halafu wanalaumu filamu.

Maka peni nyeusi inatoka nyeupe, hiyo inaeleweka, ila nyekundu nayo karibu vilevile! Karatasi ya Multigrade, ile ya kuprint ambayo kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) unaibadilisha kwa filta za rangi, haioni wekundu, ndo maana tunawasha taa nyekundu kwenye chumba cha giza. Utamu uko kwenye njano, inapunguza bluu inaacha kijani ipite, kwa hiyo pale ulipopaka kontrasti inashuka, yaani kama umeweka filta nyingine kwa hako kasehemu tu. Mimi hapa ndo nimenogewa.

Jiki izimue na maji, paka kwa pamba, inakula jelatini, ule utando wenye picha, na madini ya fedha yanayotengeneza picha yanaondoka nayo. Ikianza haina breki, maji ya kusuuzia yawe karibu. Na tafadhali sana isikutane na stop bath (dawa ya asidi ya kusimamisha developa) wala fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu) yenye asidi, inatoka gesi ya klorini na vyumba vyetu vya giza mnajua havina dirisha. Ikauke kabisa kabla hujaiweka kwenye enlaja (mashine ya kukuzia picha kwenye karatasi), jelatini iliyolowa inanata kwenye kioo hatari.

Ila kama unataka ile jelatini ijikunje na kupasuka kwa kuitoa maji moto kuitia ya baridi, sahau, filamu za siku hizi zimekazwa kiwandani, utachemsha maji bure.

Nyota nne, moja nimeitoa kwa hilo la maji moto. Bei imechangamka, so kwenye zile fremu 12 piga kitu kimoja mara mbili tatu, moja uiache nzima.