Jedwali la Rangi Linalowaonyesha Wanafunzi Wetu wa Mtandaoni: Tathmini Baada ya Muhula Mmoja

Kwa muhula mzima nimetumia programu ya kuchora mienendo ya wanafunzi, iliyofungwa juu ya Moodle (mfumo wa kufundishia mtandaoni) ya chuo ninachofundisha hapa Tanga, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wakufunzi ambao vyuo vyao vinafikiria kununua programu ya aina hiyo. Wanafunzi wangu ni 38, wote walimu walioko kazini, kuanzia Ngamiani hapa mjini hadi Pangani, Muheza na Lushoto.

Moodle, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, huweka kumbukumbu ya kila mwanafunzi anapofungua somo, kupakua faili au kujibu jaribio, pamoja na saa ya tendo hilo. Kumbukumbu hizo ni mistari maelfu, wala hakuna mkufunzi atakayeketi kuisoma yote. Programu huigeuza kuwa jedwali: kila mwanafunzi ana mstari wake, kila siku ina kisanduku chake, na rangi hukolea kadiri alivyofungua mambo mengi. Juma la tatu niliona visanduku vyeupe darasa zima, nikatambua kwamba video niliyoweka ilikuwa nzito mno kwa bando zao. Niliipunguza, nikaongeza maelezo ya maandishi, na juma lililofuata rangi ikarudi. Kwa kazi hiyo ninaisifu bila kusita.

Grafu ya saa, hata hivyo, ilinipotosha. Ilionyesha kwamba wanafunzi husoma zaidi saa kumi na mbili jioni, nami nikahamishia mjadala wetu saa hiyo, wakaingia wanne tu. Ningepaswa kushtuka mapema, kwa kuwa hiyo ndiyo saa ambayo nyumba nyingi za Tanga zinajiandaa kwa swala ya magharibi na chakula kiko jikoni. Kumbe waliofunga programu waliiacha katika saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Walimu hawa husoma saa tatu usiku, watoto wakishalala.

Kilichoniumiza zaidi ni safu ya taa tatu, nyekundu, njano na kijani, inayodai kutabiri nani ataacha masomo. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilikuwa miongoni mwa waliotangulia kutumia taa za namna hiyo, na wazo lenyewe halina ubaya. Lakini mwalimu mmoja wa Pangani alikaa kwenye nyekundu majuma matano. Nilipompigia simu, nilikuta amepakua masomo yote kwa siku moja alipokuja mjini, akayasoma kwenye simu bila intaneti na kujaza daftari zima la mazoezi. Programu huhesabu mibofyo, na daftari halibofywi. Kama ningempa alama za ushiriki kwa kufuata taa ile, ningemdhulumu.

Chuo kinachonunua kikumbuke pia kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihusu kumbukumbu hizi, kwa hiyo wanafunzi waelezwe tangu siku ya kwanza nini kinaandikwa na nani anakiona. Sisi tuliwaeleza katikati ya muhula, na wawili waliniuliza kwa uchungu kwa nini hawakuambiwa.

Jedwali la rangi nitaendelea nalo. Safu ya taa nimeomba izimwe, na mahali pake iwekwe orodha ya namba za simu za wale wa kupigiwa.