Mapitio ya LMMS: je, inamsaidia anayeanza kuyafanyia kazi maoni ya rekodi yake ya kwanza?

Mapitio mengi ya programu za kutengenezea muziki huhesabu vyombo, milio na efekti zilizomo, kana kwamba anayeanza atazihitaji zote. Mimi naipima LMMS kwa kigezo kingine. Mtu akishamaliza rekodi yake ya kwanza ya muziki wa kielektroniki, akawapelekea wasikilizaji wenye uzoefu na kupewa maoni, je, programu hii inamwezesha kuyafanyia kazi maoni hayo bila kununua kitu kingine? Nimesikiliza rekodi nyingi za namna hiyo, na yanayosemwa juu yake hufanana sana: sauti za chini zimevurugika, wimbo mzima umepandishwa juu mno, kipande kimoja kinajirudia hadi kinachosha, na milio imeachwa kama ilivyokuja na programu.

LMMS ni programu huria inayotolewa bure chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuitumia, kuibadilisha na kuisambaza, nayo hufanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ninazungumzia matoleo ya mfululizo wa 1.2, ulioanza kutolewa mwaka 2019.

Nianze na sauti za chini, kwa kuwa ndizo zinazoharibu rekodi nyingi za kwanza. Kiki, yaani ile ngoma nzito inayoshika mapigo, hubeba sehemu kubwa ya nguvu yake chini ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde), na besi nayo hukaa humo humo. Zikipiga kwa pamoja, mawimbi yao huongezana katika pigo moja na kupunguzana katika pigo linalofuata, hivyo kiki inasikika nzito mara hii na nyepesi mara nyingine ingawa noti hazikubadilika. Msikilizaji atasema tu kwamba wimbo hauko wazi. Mtayarishaji mgeni, asipojua chanzo, huongeza besi, na mvurugiko unazidi. Hapa LMMS ina chombo ninachokithamini sana, kiitwacho Peak Controller. Unakiweka kwenye chaneli ya kiki, yaani njia inayopitisha sauti yake, nacho kinafuatilia nguvu ya kila pigo na kuitumia kusogeza kidhibiti chochote utakachokichagua. Ukikiunganisha na kidhibiti cha sauti ya besi na kuweka kiasi chake kiwe hasi, besi itajishusha kila kiki inapopiga na kurejea mara tu inapopita. Programu nyingine hufanya kazi hiyo kwa kompresa (efekti inayoshusha sauti inapozidi kiwango) yenye ingizo la pili la kuisikiliza kiki, na matokeo hupatikana kwa haraka zaidi. Hata hivyo, katika LMMS mtu analazimika kuona kinachosababisha nini, na kwa anayejifunza naona hilo ni faida.

Efekti ya ikwalaiza iliyomo ndani, ambayo huongeza au kupunguza sehemu fulani za sauti, za chini au za juu, huchora masafa ya sauti inayopita, kwa hiyo mtu aliyeambiwa kwamba kodi zake (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) zinaisonga besi anaweza kuthibitisha kwa macho kama kweli zina nguvu chini ya Hz 150, kisha akaikata sehemu hiyo bila kuudhuru mlio wenyewe. Jambo la kuangalia ni kuikata wakati vyombo vyote vinapiga. Sauti iliyosafishwa peke yake hupendeza peke yake, na ikirudi kwa wenzake huweza kuonekana nyembamba.

Kuna pia lile oni la kawaida kwamba besi haisikiki kabisa kwenye simu. Sababu yake ni kwamba spika ndogo haiwezi kutoa noti ya Hz 50 kwa nguvu yoyote ya maana, hata ikiongezwa vipi. Dawa ni kuichafua besi kidogo kwa efekti ya Waveshaper, ambayo inaizalishia noti hiyo mawimbi ya juu zaidi, yaani Hz 100, 150, 200 na kuendelea. Spika ndogo inaweza kuyatoa hayo ya juu, na sikio kwa kuyasikia hukamilisha lenyewe noti ya chini isiyokuwepo.

Kuhusu ukubwa wa sauti, LMMS hupiga hesabu zake za ndani kwa namba zenye desimali, hivyo chaneli moja ikivuka kiwango huweza kurekebishwa mbele bila hasara, lakini faili la WAV la biti 16 au 24 linalotoka mwisho lina dari, nalo ni desibeli 0. Chochote kinachovuka dari hiyo hukatwa, na mkato huo ndio ule mkwaruzo ambao wasikilizaji huutaja bila kujua jina lake. Ushauri wangu kwa anayetafuta maoni ni kushusha chaneli zote hadi kilele cha wimbo kibaki desibeli kadhaa chini ya dari, na kuacha kabisa kushindana kwa ukubwa, kwa sababu anayetoa maoni anaweza kuongeza sauti mwenyewe, ilhali hawezi kulirejesha wimbi lililokatwa. Hata baada ya kuchapishwa, Spotify kwa mpangilio wake wa kawaida hulinganisha nyimbo karibu na LUFS −14 (LUFS hupima ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyousikia), hivyo wimbo uliokandamizwa ili usikike mkubwa hushushwa, ukabaki na mkwaruzo wake. Kwa bahati mbaya mfululizo wa 1.2 hauna kipimo cha LUFS. Mtumiaji atalazimika kutafuta kipimo cha bure nje ya programu, na huu naona ni upungufu halisi.

Ninakotofautiana zaidi na muundo wa LMMS ni katika suala la kujirudia. Dirisha la Beat+Bassline Editor limerahisisha mno kutengeneza mdundo mfupi unaozunguka, kiasi kwamba mtu hujihisi amemaliza wimbo wakati amemaliza mzunguko mmoja. Kwa kasi ya mapigo 128 kwa dakika, kipande cha mapigo 32 huchukua sekunde 15 kamili. Kikirudiwa mara nane bila badiliko lolote, msikilizaji ametumia dakika mbili nzima kusikia kitu alichokielewa katika robo dakika ya kwanza. Programu haimzuii mtu kuliondoa tatizo hili, kwani Song Editor, dirisha la kupangia wimbo mzima, inaruhusu kunyamazisha, kunakili na kusogeza vipande kwa uhuru, na kidhibiti chochote kinaweza kuburutwa huku umeshikilia Ctrl hadi kwenye njia ya otomesheni, yaani njia inayokisogeza chenyewe wimbo unapoendelea, kisha mwendo wake ukachorwa kwa mkono. Kichujio kinachofunguka polepole kwa sekunde 30, au kiki inayotoweka kabla tu ya sehemu mpya kuingia, hubadilisha kabisa namna kipande kilekile kinavyopokelewa. Ila anayeanza hatayagundua haya kwa kuitazama programu, na maelezo yake yangepaswa kumwelekeza huko mapema.

Kwa upande wa milio sina lalamiko kubwa. TripleOscillator inatosha kumfundisha mtu misingi ya sinthesaiza (chombo kinachounda milio kwa umeme), ZynAddSubFX ina kina cha kumshughulisha kwa muda mrefu, na Kicker hutengeneza kiki kutoka mwanzo, hivyo mtu anaweza kuipandisha au kuishusha ilingane na noti ya msingi ya wimbo.

Vipengele viwili vidogo, ambavyo sijaona vikisifiwa vya kutosha, vinahusiana moja kwa moja na kazi ya kupokea maoni. Cha kwanza ni dirisha la Project Notes, daftari linalohifadhiwa ndani ya faili la kazi lenyewe. Maoni yakiandikwa humo pamoja na dakika na sekunde yanayohusika, hayapotei, na mtu anaweza kutenganisha lile lililosemwa na wasikilizaji kadhaa na lile ambalo ni ladha ya mmoja tu. Cha pili ni amri ya kuhifadhi kazi kama toleo jipya, ambayo huongeza namba kwenye jina la faili na kuliacha la zamani salama. Naisisitiza kwa sababu amri ya kurudisha hatua nyuma katika LMMS haifiki kila mahali, hasa kwenye efekti za mikisa, yaani dirisha la kuchanganyia sauti za chaneli zote. Mtu akiwa na matoleo mawili anaweza kuyasikiliza kwa zamu na kuhukumu kama marekebisho yamesaidia kweli, mradi tu ayaweke kwenye ukubwa sawa wa sauti, kwa maana sikio huelekea kulipenda toleo lililo juu kidogo hata lisipokuwa bora.

Upungufu mkubwa kuliko yote ni kwamba matoleo haya hayarekodi sauti kutoka kwenye maikrofoni. Anayetaka kuimba, au kuingiza ngoma aliyoipiga mwenyewe, atarekodi kwanza kwenye programu kama Audacity, kisha alete faili ndani na kulipanga kwa mkono. Na akiambiwa kwamba sauti yake imechelewa kidogo nyuma ya mdundo, itambidi aizunguke njia ileile upya kila anaporudia kuimba. Plagini, yaani vyombo na efekti za kuongezea kutoka nje, za aina mpya ya VST3 nazo hazikubaliki, ila za VST za zamani tu. Kwa hiyo anayejenga wimbo wake kuzunguka sauti ya mwimbaji ningemshauri atafute programu nyingine tangu mwanzo, na anayetunga muziki wa vyombo vya kielektroniki pekee ningempa LMMS bila kusita, pamoja na kipimo cha LUFS kando yake.