Darasa la Ufupisho la Jioni, Makadara

Mjini Mombasa ni rahisi kupata masomo ya ziada ya hisabati au kemia, lakini ni nadra kumsikia mzazi akiulizia mahali pa kufundishiwa ufupisho, ilhali katika Karatasi ya Pili ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza shule ya sekondari, sehemu hiyo ina alama 15 kati ya 80, sawa na ufahamu. Kwa hiyo nililipokea kwa furaha darasa la jioni lililofunguliwa Makadara, nikamwandikisha binti yangu wa kidato cha nne, na mara kadhaa nimeketi nyuma ya chumba kusikiliza.

Ubora wake mkubwa ni kwamba mwalimu hamruhusu mwanafunzi kushika kalamu kabla hajaeleza kwa mdomo swali linataka nini. Jioni moja kifungu kilihusu Ngome ya Yesu, na swali likataka sababu za kujengwa kwake. Vijana wengi walianza na mwaka 1593 na jina la msanifu, Giovanni Battista Cairati, kwa kuwa ndiyo mambo yaliyotangulia kwenye kifungu. Mwalimu alimgeukia mmoja wao kwa upole: "Mwanangu, umeulizwa nani aliichora?" Wakafuta, wakajadiliana, na ubaoni ikabaki sentensi moja: "Wareno walijenga ngome kujikinga na maadui na kulinda njia ya India." Kisha akabadilisha swali, akataka hatua kuu za historia ya ngome hiyo, na papo hapo miaka iliyokuwa imefutwa ikarudi, pamoja na mwaka 1698 ambapo Waomani waliiteka baada ya kuizingira tangu 1696. Sijaona njia bora ya kumfahamisha kijana kwamba hoja muhimu haijulikani mpaka swali lisomwe, na kwamba kufupisha si kukatakata sentensi za mwandishi.

Matayarisho, yaani rasimu ya kwanza, na nakala safi vinafunzwa kwa makini, na alama inayotolewa kwa mtiririko wa hoja haipuuzwi: hoja zilizopangwa bila viunganishi hurudishwa ziandikwe upya, na maoni ya mwanafunzi au mifano aliyoibuni huondolewa bila huruma.

Chumba kina joto, na kelele za barabarani huingia. Hayo yanavumilika.

Lisilovumilika ni namna samari, yaani ufupisho wa Kiingereza, inavyofundishwa. Tangazo la darasa liliahidi lugha zote mbili, lakini Kiingereza hupewa dakika za mwisho, vijana wakiwa wamechoka, na hakuna anayewaeleza kwa utaratibu kwamba katika mtihani wa Kiingereza swali la kufupisha huja ndani ya ufahamu na mara nyingi hutaka hoja fupi fupi tu, si aya yenye mtiririko. Binti yangu alirudi nyumbani akiwa ameandika aya nzuri palipotakiwa orodha, na kazi yake ilikuwa imewekewa alama ndogo bila hata neno moja la maelezo.

Kwa ufupisho wa Kiswahili, ningempeleka mtoto yeyote wa kidato cha tatu au cha nne bila kusita, hasa yule anayenakili kifungu neno kwa neno. Anayehitaji Kiingereza atafute mwalimu mwingine kwa sasa, na mzazi atakayejiandikisha aombe mapema kwamba kazi zilizosahihishwa zirudishwe na maelezo.