Tangi la samaki la lita 300, la mtumba: zuri, ila kagua silikoni

Kwa sentimita 120 kwa 50 kwa 50, tangi hili linafaa kununuliwa hata likiwa limetumika. Kioo hakizeeki, kinachochoka ni silikoni, ile gundi inayounganisha vioo. Pitisha ukucha kwenye pembe za ndani. Ikibanduka, kwangua yote kwa wembe, maana silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Chagua isiyo na dawa ya kuzuia kuvu, iache wiki nzima ikauke, kisha lijaze maji nje siku mbili huku umetandika gazeti kavu chini. Hata tone moja litaacha alama.

Likijaa linakaribia kilo 400, kwa hiyo meza ya sebuleni sahau. Kama halina fremu, tandika sponji bapa chini. Punje ya mchanga ikibaki hapo inaweza kupasua kioo.

Chujio ndilo wauzaji wengi huliharibu: huliosha kwa maji ya bomba ili ling'ae, klorini ikaua bakteria wenye kazi ya kuondoa amonia, sumu itokanayo na uchafu wa samaki. Heri chafu! Lidai likiwa bichi, limezama kwenye maji ya tangi lake. La sivyo amonia itapanda, na samaki watasubiri wiki 4 hadi 6 bakteria wapya waote.